Kabla ya kuuliza bei ya mashine ya kahawa, tuletee maji yako

Mteja akiingia dukani huuliza bei. Sisi humuuliza kwanza: nyumbani mnatumia maji gani?

Tunazungumzia zile mashine za kubonyeza kitufe tu, zinazosaga punje, kupika na kutupia makapi kwenye kisanduku cha ndani zenyewe. Nyingi zinazoletwa kwetu kutengenezwa huwa zimeharibiwa na maji. Mombasa maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi hutegemea kisima, na pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yakipita humo hubeba chokaa. Chungulia ndani ya birika lako la stima: ule ukoko mweupe ndio unaojijenga ndani ya mashine, kwenye vipaipu vyembamba kama mrija wa soda. Mwanzo kahawa hutoka vuguvugu, halafu kwa matone, mwisho pampu inanguruma na kikombe kitupu.

Wengi hawajui kwamba mashine haiioni chokaa hiyo. Taa ya kukumbusha usafishaji huwaka kwa hesabu ya maji yaliyopita na kiwango cha chokaa ulichoiwekea wewe. Ukiiambia maji ni laini ilhali ni ya kisima, taa itawaka umeshachelewa. Ndiyo maana mashine nyingi huja na kikaratasi cha kupimia: unakichovya, unangoja kidogo, unahesabu vijimraba vilivyogeuka rangi. Filta ya ndani ya tangi la mashine hupunguza chokaa, ila chumvi haiitoi. Kama chai yako ina ladha ya chumvi, mashine inywe maji ya kunywa yanayouzwa kwa mtungi. Na siki msiitumie kuondoa chokaa, iacheni jikoni. Raba za ndani haziipendi.

Baada ya maji, angalia kama sehemu inayopika kahawa inatoka. Mashine nyingi za De'Longhi na Philips zina kimlango: unaichomoa, unaisuuza kwa maji matupu bila sabuni, unairudisha. Ya Jura haitoki, husafishwa kwa vidonge maalumu. Jura ni mashine nzuri, hatubishi. Lakini kwa unyevu huu wa kwetu, ukienda Malindi siku tatu ukaacha makapi ndani, utarudi ukute ukungu. Sisi tungechukua inayofunguka.

Maziwa: chagua chombo kinachotoka na kuingia frijini. Joto la hapa halisubiri.

Punje zilizokaangwa hadi zikang'aa mafuta hugandamana na kuziba kinu. Chukua za kukaangwa wastani. Iliki na tangawizi tafadhali zisiingie humo, tia kikombeni. Anayetaka kahawa tungu ya dele aende kwa muuza kahawa, mashine hii haitampa.

Mwisho, zile zawadi za ndugu walio ng'ambo. Ya Dubai kwa kawaida haina shida, stima yao inalingana na yetu. Ya Marekani ni ya volti 120, na hapa ni 240. Ukiichomeka hivihivi itaungua. Transfoma ya kuibeba lazima iwe kubwa, maana mashine hizi hula karibu wati 1,500, na bei yake inauma. Mwambie ndugu atume pesa.

Maji ya kupima yaleteni kwenye chupa safi, yatoke mfereji uleule mnaojazia birika. Kupima ni bure, hata kama hununui kitu.