Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: mita 60 za ufukweni zinaanzia wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Namba hiyo mwenye kiwanja anaijua, fundi anaijua, afisa mipango miji anaijua. Ugomvi uko kwenye sifuri ya futi kamba: inashikiliwa wapi?

Pwani ya Dar es Salaam, maji ya bamvu, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa juu kuliko maji mafu ya nusu mwezi kwa karibu mita 1. Ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 20, mita hiyo moja ya kimo ni mita 20 za nchi kavu. Aliyepima siku ya maji mafu ana mita 60 kamili kwenye karatasi. Bamvu likija amebakiwa na 40. Hajamdanganya mtu, na kibali chake kina mihuri yote.

Maji yakimkaribia anajenga ukuta wa mawe. Wimbi likipanda mchanga huchoka lenyewe, lakini likigonga ukuta wima hurudi chini na kuchimba mguu wake. Msingi ukishabaki wazi, ukuta unalala kuelekea baharini. Hata usipoanguka, mchanga unaliwa pale ukuta unapoishia, yaani kwa jirani, naye atajenga wake. Mwisho wa yote ni alama ya X, ya kubomolewa, kwenye nyumba ya mtu aliyelipia kila ada.

Tunaomba waraka mmoja. Kabla ya kibali cha ujenzi, mpimaji apande bikoni za zege, yaani nguzo fupi za mpaka, kwenye mstari wa mita 60, akianzia alama ya juu kabisa ya bamvu. Mwani mkavu uliotupwa ufukweni humwonyesha alama hiyo, na jedwali la maji kujaa na kupwa humthibitishia. Mstari uchorwe kwenye mchoro wa eneo pamoja na tarehe ya kupima, na msingi usichimbwe mkaguzi hajaziona bikoni. Palipoliwa na bahari papimwe upya. Ramani ya miaka 15 iliyopita isitumike.

Asilimia ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na ujenzi ihesabu pia uwanja uliosakafiwa, si paa peke yake. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kikifunikwa chote, mvua ya milimita 100 inamwaga lita 80,000 barabarani, matangi 80 ya lita 1,000, na kisima hakipati tone. Maji baridi yakipungua ardhini, ya chumvi huingia.

Kuhusu ghorofa, ombi letu ni dogo: umbali wa ubavuni, kati ya ukuta wa jengo na mpaka wa jirani, uongezeke kadiri jengo linavyopanda, ili nyumba za nyuma zisinyimwe upepo wa bahari.

Bamvu kubwa zaidi huja Machi na Septemba. Waraka ukitoka kabla, tutaanza na viwanja ambavyo bado havijachimbwa msingi.

Wapimaji ardhi na wachora ramani, ukanda wa pwani