Mnaopunguza tumbo, mbona hamuulizi habari za nusu kaputi?

Mhariri, salaam. Siku hizi gazeti lenu haliishi habari za kupunguza uzito, mara puto la kuwekwa tumboni kule hospitali ya Mloganzila, mara fulani kakatwa tumbo na picha zake za kabla na baada. Sina ubaya nazo, wapo ambao sukari na presha zimewatulia baada ya upasuaji huo. Ila maswali ya wasomaji naona ni mawili tu, bei gani na ntapungua kilo ngapi. Sie watu wa usingizi, yaani wa nusu kaputi, tunaokaa upande wa kichwani hakuna anaetuuliza kitu, wakati kwa mgonjwa mnene sana dakika zinazotutoa jasho ni zile kabla daktari hajashika kisu.

Iko hivi, ukishalazwa usingizi kabisa unaacha kupumua mwenyewe, inabidi tupitishe mpira kooni mpaka kwenye bomba la hewa. Mwembamba aliyevutishwa oksijeni vizuri anaweza kukaa kama dakika 8 ndo oksijeni ianze kuporomoka, mnene sana ni dakika 3 au pungufu, maana akilala chali tumbo linasukuma mapafu juu na akiba ya hewa inakuwa ndogo. Na hapo hapo shingo nene, maski haikai vizuri usoni, nyama za koo zimeziba njia. Waingereza walikusanya matukio ya nchi nzima, ripoti yao ya 2011 inaitwa NAP4, wakakuta mnene yuko kwenye hatari mara 2 ya kupata janga la njia ya hewa, mnene kupindukia mara 4.

Msikimbie lakini, cha kufanya kinajulikana. Mgonjwa hatumlazi flati, tunapanga mashuka na mito chini ya mabega na kichwa mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na kile kishimo cha juu ya kifua, tunainua kitanda upande wa kichwa, afu tunamvutisha oksijeni maski ikiwa imebana kabisa. Mashuka hayana gharama, nashangaa wapo wanaoruka hatua hii eti wanawahi listi ya wagonjwa wa siku hiyo! Chenye gharama ni laringoskopu ya kamera, kifaa cha kutuonyesha koo wakati tunapitisha mpira, na hospitali inayotangaza upasuaji huu bila kuwa nayo mi ndugu yangu simpeleki. Mpira ukigoma hatung'ang'anii, kila jaribio linavimbisha koo, tunaweka maski ya kooni au tunamwamsha mgonjwa tujipange upya.

Sasa nyie wagonjwa. Ukiulizwa kama unakoroma usijibu wewe, ajibu unaelala nae, hasa wanaume, mtu anakataa kabisa huku mkewe hapo pembeni anacheka. Kukoroma na kukata pumzi usingizini kunatwambia mengi, mpaka usiku wa baada ya upasuaji, maana dawa kali za maumivu zinaweza kumzidi mtu wa hivo akiwa wodini hana mashine ya kuangalia oksijeni. Na zile sindano za kukonda, Ozempic na wenzake, watu wanajichoma kimyakimya afu wanaficha. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, umefunga toka jana na bado kimo, kikipanda ukiwa umelala kinaingia mapafuni. Chama cha madaktari wa usingizi Marekani 2023 kilishauri sindano za kila wiki zisitishwe wiki nzima kabla, mwaka uliofuata wakalegeza, kwamba aangaliwe mgonjwa mmoja mmoja. Kwahiyo usijiachishe mwenyewe, we tuambie.

Ombi langu kwa hospitali zetu ni kwamba huyu mgonjwa tukutane nae siku kadhaa kabla, tumpime shingo, tumtazame mdomo unavyofunguka, tuongee na mwenza wake. Mara nyingi tunakutana mlangoni pa thieta, keshavaa gauni na keshalipa, na hapo hata ukiona shingo imekutisha kusema tuahirishe inakuwa ugomvi.

Mfanyakazi wa thieta,
Dar es Salaam