"My lord" si kufuru

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako. Kila mjadala wa mawigi na majoho ya majaji unapoibuka hapa Kenya, hakosekani msomaji wa kuandika kwamba wakili anayemwita jaji "my lord" anakufuru, kwa kuwa Bwana ni mmoja. Imani yake naiheshimu. Historia ya neno lenyewe ndiyo inayokataa.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, lord alikuwa hlaford, na kabla neno halijafupishwa, hlafweard. Hlaf ni mkate, ndiyo loaf ya leo. Weard ni mlinzi. Basi lord alikuwa mlinzi wa mkate, mwenye nyumba ambaye wote walio chini yake hula kwake. Mama mwenye nyumba aliitwa hlæfdige, mkandaji wa mkate; huyo ndiye lady. Na waliolishwa je? Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwaka 600 hivi, zina neno lao: hlafæta, mla mkate. Zinasema anayemuua mla mkate wa mtu wa kawaida atalipa shilingi 6. Naam, shilingi! Hata hilo la mifukoni mwetu lilitoka huko huko.

Mungu hakuwa na haja ya jina la mwenye mkate. Waliotafsiri Injili kwa Kiingereza hicho kwa kawaida walimwita Drihten, neno ambalo asili yake ni kiongozi wa kikosi cha wapiganaji. Hlaford waliwaachia mabwana wenye watumishi, kama yule wa mfano wa talanta. Drihten lilipokufa, karne kadhaa baadaye, ndipo lord likapandishwa cheo hadi mbinguni. Kwa hiyo aliyeazima ni kanisa, wala si mahakama.

Mimi pia silipendi "my lord" mahakamani, ila kwa sababu nyingine kabisa. Tukifuata asili ya neno, jaji analipwa kwa kodi zetu, kwa hiyo mla mkate ni yeye. "Mheshimiwa Jaji" inatosha sana. Wanaotaka "my lord" iondoke waiondoe kwa hoja hiyo, Mungu wasimwingize kwenye kesi isiyomhusu.

Msomaji wako,
Nakuru