Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Assalaam alaykum, ndugu wanachama, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Hesabu za fedha atazisoma Mshika Fedha, na hali ya vyombo ataieleza Katibu. Mimi niseme tu kuwa kontrabesi, lile fidla kubwa la sauti nzito, lililopasuka tumbo limeshatengenezwa na linalia vizuri, na kwamba ada bado zinasuasua. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu majina yao yatasomwa kabla ya dua. Nafasi niliyobakiwa nayo nimeomba niitumie kwa jambo moja, kwa sababu ndilo lililotuchosha tangu mwezi wa pili hadi leo: mpigaji mmoja wa taarab kuwa na vikundi viwili au vitatu, na siku zikagongana.

Naanza kwa kuweka wazi msimamo wangu. Sioni kosa kwa mwanamuziki wa hapa Unguja kupiga katika zaidi ya kikundi kimoja. Wapo wazee wetu wasiopenda kulisikia hilo, na nawaelewa. Wamelelewa katika klabu, na klabu kwetu ni zaidi ya mahali pa kupigia. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Culture, ambayo wengi wetu tunaiita Mila na Utamaduni, ipo tangu 1958. Mtu aliyeingia klabu akiwa kijana, akakaa miaka mitatu nyuma akishika rika, lile tari dogo, kabla ya kuruhusiwa kugusa fidla, ana haki ya kuumia anapomuona mwanafunzi wake amevaa sare ya kikundi chengine. Mzee mmoja alisimama katika kikao cha Juni akatukumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Nilimjibu kwa heshima, na leo narudia: methali ni ya kweli, ila aliyepanga chumba na ana watoto skuli hakupewa nafasi ya kushika moja.

Klabu zetu hazina mishahara. Mwanachama analipa ada, anakuja mazoezini baada ya sala ya Isha, na ikipatikana shughuli anapata fungu lake. Maisha yake yako kwengine: hotelini jioni, kwenye kidumbak, ile taarab ndogo ya kuchezwa, harusini, kufundisha watoto mchana. Hata tukiweka pesa pembeni, muziki wetu wenyewe haujawahi kukaa ndani ya ukuta mmoja. Bi Kidude aliimba taarab na akapiga ngoma za unyago, na hakuna aliyemwambia achague. Fidla inayoongoza bashraf, muziki wa ala bila kuimba, siku ya Ijumaa ndiyo hiyo hiyo inayowainua watu kucheza kidumbak Jumamosi, ikiwa na besi la sanduku, ngoma mbili za vidumbak, vijiti vya mkwasa na kayamba za cherewa tu. Mpigaji anayetoka kidumbak anarudi klabu mkono wake umechangamka. Anayetoka klabu anakwenda kwenye kidumbak sikio lake limetulia. Tukimfungia mlango mmoja tunapoteza kotekote.

Sasa kwa nini mwaka huu ulikuwa mgumu kuliko ule uliopita? Sababu ya kwanza ni mwezi. Sote tunajua kuwa harusi zetu nyingi hukimbilia Shaaban, ili watu waingie Ramadhani wameshamaliza, na Ramadhani yenyewe vyombo vinafunikwa. Miezi hii hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Zamani Shaaban ilikuwa na nafasi yake na Februari ya wageni ina nafasi yake. Mwaka huu Shaaban yote, ukiondoa siku moja au mbili, ililala ndani ya Februari. Katikati yake likaja tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na hoteli za kaskazini na mashariki nazo zilikuwa zimejaa. Watu wale wale wachache wanaopiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa, nai ya kupuliza na udi wakahitajika Ngome Kongwe, Nungwi, Paje, Bububu na mitaa ya Ng'ambo katika wiki moja. Wapiga fidla na ngoma ya dumbak tunao wa kutosha. Wapiga kanuni wa kutegemewa Unguja nzima unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Naomba niwasimulie usiku mmoja, kwa sababu nilikuwepo na fidla ilikuwa mapajani mwangu.

Ilikuwa Jumamosi, Shaaban imeshapita nusu. Shughuli ilikuwa Bububu, tuanze saa tatu. Kijana wetu wa kanuni alikuwa na hoteli kaskazini jioni ile, na kwa hesabu yake angemaliza saa mbili, apande gari, awahi. Hotelini chakula cha wageni kikachelewa, wakamuomba aongeze saa moja, na yeye hakuweza kukataa kwa sababu pale ndipo anapopata pesa ya kila wiki. Saa tatu ikafika kwetu. Saa nne. Tukapiga nyimbo mbili za kujazia bila bashraf, na mwenye shughuli akaanza kututazama. Saa tano kasoro kijana akaingia, kanzu ya hoteli bado iko mwilini, kanuni kwapani. Joto na unyevu wa usiku ule vilikuwa vimelegeza nyuzi njia nzima. Nanyi mnajua kanuni: nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Akakaa chini, ufunguo mkononi, akaanza kukaza mmoja mmoja, huku bibi harusi anatolewa na kinamama wamesimama na noti zao mikononi wakisubiri wimbo wa kutunzia. Jasho lilikuwa linamdondokea juu ya ubao wa kanuni, anafuta kwa mkono wa kanzu, anaendelea kukaza.

Mama wa bibi harusi alikuja pale jukwaani. Hakugomba. Alisema: "Mwanangu, ungalisema tu, tungalimtafuta mwengine."

Maneno yale yamenikaa miezi yote hii, kwa sababu hayakumhusu kijana peke yake. Mimi nilijua kuwa ana hoteli siku ile. Nilijua tangu wiki iliyotangulia, na sikumuuliza. Sikumuuliza kwa kuwa nilichelea jibu: akisema hawezi, mimi nitatoa wapi kanuni katikati ya Shaaban? Naye hakuniambia kwa kuwa alichelea kuwa akisema hawezi mara moja, mara ya pili hataitwa. Kila mmoja wetu aliomba Mungu kimya kimya kuwa mambo yatakwenda, na mwenye kulipa akawa yule mama.

Kamati ilipokaa kuyapitia malalamiko ya Februari na yale ya Sikukuu ya Idd, tulikuta karibu yote yana sura hiyo. Ni machache mno ambamo mtu alikusudia kuvunja ahadi. Kilichojaa ni unyamazifu wa pande mbili: kiongozi haulizi, mpigaji hasemi. Ndiyo maana makubaliano tuliyoyapitisha Juni hayakuanza na adhabu. Yalianza na swali. Kiongozi wa kikundi anapomwita mtu, sharti amuulize, "Siku hiyo una nini chengine, na kinaisha saa ngapi?" Na akiambiwa "sina nafasi", haruhusiwi kumkalia kinyongo akamruka katika shughuli inayofuata. Hili la pili ndilo zito. Nimeshuhudia mpigaji mzuri akiachwa msimu mzima kwa kosa la kusema kweli mapema, na wenzake wakajifunza kutokana na hilo kwamba salama iko katika kusema "ndiyo" kwa kila mtu.

Makubaliano ya pili ni neno la kwanza. Ahadi uliyotangulia kuitoa ndiyo inayosimama, hata kama ya pili ina pesa zaidi, hata kama ya pili ina jukwaa kubwa na kamera. Ukitaka kutoka, nenda kwa uliyemuahidi mwanzo umuombe ruhusa. Akikuruhusu, umetoka kwa heshima. Vijana waliuliza, na waliuliza kwa haki: je, huyo wa kwanza akinishika siku na asinipe hata senti, halafu shughuli ikafutwa, nani atanilipa? Hapo tukaona kuwa neno peke yake linamuelemea mpigaji. Kwa hiyo tumekubaliana kuwa kikundi kinachopokea arbuni, yaani malipo ya kutangulia, kwa mwenye shughuli nacho kiwape wapigaji fungu la arbuni hiyo siku ile ile. Ambaye hakupewa kitu zikiwa zimebaki siku saba, yuko huru, ila aseme kuwa ameondoka. Vikundi viwili vilipinga kifungu hiki na bado havijaridhika. Nawaomba viongozi wao wakijaribu kwa msimu mmoja, tukutane tena.

La tatu ni kaimu, na hapa nataka nikae kidogo. Desturi yetu imekuwa kwamba mtu akishindwa, anampigia simu rafiki yake saa kumi jioni, na rafiki anakuja hajui nyimbo, hajui mwimbaji anaanzia maqamu gani, yaani mpangilio gani wa sauti, anakaa pembeni anababaisha. Huko si kukaimu. Tumeomba kila kikundi, kwa kila chombo kigumu, kimtaje mtu wa pili, na mtu huyo awe anakaa mazoezini walau mara mbili kwa mwezi, chombo mkononi. Tunao vijana waliopita chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, wanaosoma noti za muziki, wenye mikono mizuri, wanaotafuta mahali pa kukalia. Wengine ni wanawake, na nafurahi kulisema hilo kwa sauti, maana nilipoanza mimi mwanamke alikuwa mbele na kipaza sauti tu. Kikundi kimoja cha Kikwajuni kilifanya hivi tangu Julai, na Novemba mpiga nai wao alipougua ghafla, msichana aliyekuwa akikaa nyuma yake akapiga shughuli nzima. Waliokuwa ukumbini hawakujua kuwa kuna mtu hayupo. Kaimu naye alipwe fungu kamili la usiku ule, na apate sehemu yake ya pesa za kutunzwa. Kumpa nauli na sahani ya pilau tuache.

Kuna jambo limebaki ambalo halina dawa ya kalenda wala ya pesa: siri ya nyimbo. Kikundi kinapofanyia mazoezi wimbo mpya miezi miwili, kisha mpigaji wake akaonekana kwa wapinzani, watu hushikwa na wasiwasi, na mwaka huu yalisemwa maneno makali baina ya vikundi viwili kwa sababu ya kiitikio kilichofanana. Kamati iliwasikiliza wote na haikupata ushahidi kuwa mtu aliiba. Tunachoomba ni kwamba sauti ulizozisikia katika mazoezi ya watu uzichukulie kama amana. Usizipige, usizirekodi kwenye simu, usiziimbe hata kwa mzaha garini. Na kikundi chenye wimbo kisimzuie mtu kufanya kazi kwengine kwa shuku tu.

Hayo ndiyo yaliyokwenda. Ambalo halikwenda ni hoteli. Mikataba yao ni ya kila wiki, inamtaka mtu yule yule kwa sura yake, na hawakubali kaimu. Nilikwenda mwenyewe na Katibu kuzungumza na mameneja, tukapokewa vizuri, tukarudi na ahadi za mdomo. Mmoja amekubali kuwa mwanamuziki akitoa taarifa ya siku tatu anaweza kuleta mwenzake. Wengine bado. Kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari usiku, na hakuna makubaliano yatakayoifupisha barabara ile. Kwa sasa nashauri asiye na usafiri wa uhakika asiweke hoteli ya kaskazini na harusi ya mjini katika usiku mmoja, hata akiahidiwa kuwa atatoka mapema.

Mtaniuliza yule kijana wa kanuni yuko wapi. Yuko hapa, amekaa mstari wa tatu, na ameniruhusu nisimulie habari ile. Alikwenda mwenyewe Bububu wiki iliyofuata, akamuomba radhi yule mama na kumrudishia fungu alilolipwa. Mimi nilikwenda naye, nikaomba radhi yangu.

Ndugu wanachama, Shaaban ijayo inatarajiwa kuandama katika wiki ya tatu ya Januari 2026, Sauti za Busara ni mwanzoni mwa Februari, na Ramadhani itatukuta Februari hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba wiki za kufanyia kazi tangu mwaka kuanza hadi Ramadhani ni chache kuliko za mwaka huu. Daftari la siku liko mezani kwa Katibu, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Kila kiongozi aandike shughuli alizokwishapokea arbuni, na kila mpigaji aandike alipokwishatoa neno lake, pamoja na saa ya kumaliza. Jumamosi tatu za mwanzo zimeshaanza kujaa. Tukitoka hapa, kabla ya chai, naomba tupange mstari.