Mfugaji aonyeshwe cheti kabla ya sindano

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie watu wanaotibu mifugo yetu. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi katika vijiji vya wilaya ya Muheza, na sasa, baada ya kustaafu, nimehamia upande wa pili: nina ng'ombe wanne wa maziwa, nami husubiri kama wafugaji wengine mtu aje na mkoba wa dawa.

Huku kwetu kila anayeshika bomba la sindano huitwa daktari. Nami niliitwa hivyo, na nakiri kwamba sikuwa mwepesi wa kuwasahihisha watu, ingawa sikuwa daktari. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inatenganisha mambo hayo waziwazi. Daktari wa mifugo ni yule mwenye shahada, ambayo kwa waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro huchukua miaka mitano, na ambaye amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Sisi tuliopita vyuo vya mifugo kama Buhuri, Mpwapwa na Tengeru ni wataalamu wasaidizi wa afya ya mifugo: mwenye stashahada huandikishwa na Baraza, na mwenye astashahada huorodheshwa. Kusajiliwa, kuandikishwa na kuorodheshwa ni maneno ambayo mfugaji anaweza kuyaona kama mchezo wa wanasheria, lakini kila moja lina mipaka yake ya kazi, na asiye na hata moja kati ya hayo matatu hana ruhusa ya kumdunga mnyama wa mtu kwa malipo.

Masika iliyopita mtamba wa jirani yangu aliacha kula. Akaitwa kijana mmoja apitaye na pikipiki, mmoja wa hao tunaowaita vishoka, yaani wanaotibu bila kusomea, naye aliposikia neno "ndigana" akadunga oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, akapokea fedha yake akaondoka. Siku ya nne mtamba alikufa, povu likimtoka puani. Nilipoitwa nilikuta matezi ya chini ya masikio na ya mbele ya bega yamevimba kama maembe machanga, dalili ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuitafuta kwa vidole kabla ya kufungua mkoba.

Kiswahili kimeyapa maradhi mawili jina moja, na hapo ndipo vishoka wanapojikwaa. Ndigana baridi na ndigana kali zote huletwa na kupe. Ya kwanza huharibu chembe nyekundu za damu, mnyama akapauka na kinyesi chake kikakauka, na hiyo kweli husikia oksitetrasaiklini. Ya pili hushambulia matezi na kuishia kwenye mapafu, na ikishaonyesha dalili huhitaji buparvakwoni, tena mapema, kabla mnyama hajaanza kuhema kwa shida. Aliyesoma hupima joto, hupapasa matezi, hupaka tone la damu ya sikio kwenye kioo ili lipimwe kwa hadubini, kisha ndipo huzungumzia dawa. Nitaongeza jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi: ndigana baridi huweza kuhama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa sindano isiyobadilishwa, kwa hiyo kishoka anayezunguka zizi zima na sindano moja huenda akauacha ugonjwa uleule aliodai kuja kuutibu.

Wajibu wa mtaalamu msaidizi hauishii kwenye sindano. Anapaswa kuandika katika daftari alichokiona, alichotoa na kwa kipimo gani, na kumweleza mfugaji siku ambazo maziwa hayatauzwa wala kunywewa nyumbani, kwa sababu muda huo umeandikwa kwenye lebo ya dawa na mfugaji mara nyingi haoni hata chupa yenyewe. Mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda ikamtoka puani au sehemu ya haja, anapaswa kukataza mzoga usipasuliwe, hata kama wanakijiji wamekwisha kunoa visu, kwa kuwa viini vya kimeta vikikutana na hewa hujenga ganda gumu na kubaki ardhini miaka mingi. Kisha atoe taarifa. Machinjioni ndiye anayekagua ng'ombe akiwa hai na nyama baada ya kuchinjwa, na mhuri anaougonga ndio mlaji wa mjini anaoutegemea bila kumjua aliyeugonga. Kuhasi, kukata pembe na kuchanja ni kazi zake za kila siku. Kazi ya uhimilishaji, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu bila dume, huifanya akiwa ameipatia mafunzo yake.

Palipo na ugumu ni kwenye usimamizi. Sheria inataka mtaalamu msaidizi afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na sababu yake ni njema: yapo maamuzi, kama upasuaji mkubwa, yanayohitaji elimu ambayo sisi hatukupewa. Lakini usiku mmoja niliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, ndama amegeuza kichwa nyuma, na daktari aliyekuwa msimamizi wangu yuko makao makuu ya wilaya, barabara imekatwa na mvua. Nilijaribu kwa mkono na kamba kwa saa mbili kukigeuza kichwa. Ndama alitoka amekufa, mama yake akapona. Mwenye ng'ombe alinilaumu kwa nini sikupasua, nami nilimjibu kwamba sina ruhusa ya kupasua, jibu ambalo lilikuwa sahihi kisheria na halikumsaidia chochote. Tangu usiku ule sijapenda kusikia usimamizi ukizungumzwa kana kwamba ni sahihi tu ya kwenye fomu. Msimamizi awe mtu mwenye namba ya simu inayopokelewa, na mfugaji naye aijue namba hiyo.

Nayasema haya sasa kwa sababu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwaka 2025, imeongeza mikono inayogusa mifugo yetu. Chanjo si maji. Nyingi zinatakiwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu zinapotoka kiwandani, na ile ya ndigana kali husafirishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika na kutolewa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyohiyo. Asiyefundishwa anaweza kuchanja kundi zima kwa chupa iliyokwisha kufa juani, na mfugaji akaambiwa mifugo yake ina kinga.

Ombi langu kwa Baraza na kwa halmashauri za wilaya ni dogo. Kila ofisi ya kata ibandikwe orodha ya wataalamu wa mifugo wanaoruhusiwa kufanya kazi hapo, yenye picha, daraja la kila mmoja, na jina na simu ya daktari anayemsimamia, nayo ibadilishwe kila mwaka. Maduka ya dawa za mifugo nayo yaitundike ukutani. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2011, waliwataja wataalamu wasaidizi hadi kwenye jina la sheria yenyewe, na nadhani kutambuliwa hivyo humpa mtu sababu ya kulinda jina lake. Kwa mfugaji ombi ni dogo zaidi: kabla hujashika kamba ya ng'ombe ili adungwe, mwombe aliyekuja akuonyeshe cheti chake. Aliyenacho hatakasirika.

Changu kilikaa ndani ya sanduku la nguo kwa miaka yote niliyofanya kazi baada ya kukipata. Hakuna hata mfugaji mmoja aliyewahi kuniomba nikitoe.

Mtaalamu msaidizi wa mifugo mstaafu,
Muheza, Tanga