Skrini ya fokasi huchaguliwa kwa lenzi unayoitumia

Mpiga picha wa harusi kutoka Marangu alifika dukani kwetu hapa Moshi na Canon 5D Mark II, aliyoifunga kwa adapta lenzi ya zamani ya Nikon ya milimita 50, f/1.4 (namba ya f ni ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa na eneo lenye ukali ni jembamba). Katika picha ya bibi harusi aliyotuonyesha, hereni ilikuwa kali kiasi cha kuweza kuhesabu shanga zake, ilhali kope zilikuwa na ukungu. Alituhakikishia kwamba alilenga jicho, na tulimwamini bila shaka yoyote, kwa kuwa tatizo hilo tunalifahamu: alichokiona kwenye dirisha la kutazamia la kamera sicho kilichofika kwenye sensa, yaani sehemu inayonasa picha.

Katika kamera yenye kioo, mwanga unaoingia kwa lenzi hupigwa juu na kioo na kutua kwenye kipande cha plastiki chembamba chenye uso uliokwaruzwa, ambacho ndicho skrini ya fokasi, na jicho lako huitazama taswira iliyopo hapo kupitia prizimu. Skrini zinazokuja na kamera za kidijitali zimetengenezwa ziwe angavu hata kwa lenzi za zumu za f/4 au f/5.6, kwa kuwa wengi huiachia kamera ifokasi yenyewe. Mwangaza huo una gharama yake. Lenzi ya f/1.4 ikiwa wazi kabisa, skrini ya namna hiyo hukuonyesha eneo lenye ukali linalokaribia lile la f/2.8, kwa hiyo jicho na hereni huonekana vikali kwa pamoja wakati sensa inakamata kimoja tu. Mpiga picha anaweza kuwa na macho mazuri na mkono mtulivu, na bado akakosea, kwa sababu taarifa aliyopewa haikutosha.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa mteja anayetaka kubadilisha skrini ni lenzi gani anaitumia siku nyingi. Mwenye lenzi za f/1.4 hadi f/2.8 atanufaika na skrini yenye mkwaruzo wa usahihi, ambayo Canon waliiita Eg-S kwa 5D Mark II na 6D, Ee-S kwa 5D ya mwaka 2005, na Ef-S kwa 40D, 50D na 60D. Skrini hii huonyesha fokasi ikiingia na kutoka waziwazi, lakini ukiifungia zumu ya f/5.6 ndani ya kanisa, dirisha litakuwa giza hadi ujute. Mteja ambaye lenzi yake ya kila siku ni zumu ya namna hiyo tunamshauri abaki na skrini aliyonayo, na tunamwambia hivyo hata kama ametoka nyumbani na pesa ya kununua.

Wengi wanaokuja wakiwa na kumbukumbu ya kamera za filamu huulizia skrini yenye duara la katikati lililogawanyika, ambalo mstari wa wima, kama ukingo wa mlango, huonekana umekatika hadi fokasi ikae sawa. Kwa macho yaliyochoka ni msaada mkubwa, nasi tunaipenda kwa picha za watu waliotulia. Hata hivyo, kwa lenzi za f/5.6 na kuendelea, nusu moja ya duara hilo mara nyingi hugeuka nyeusi, na kipimo cha mwanga cha nukta ya katikati kinaweza kudanganywa nalo. Pia hukulazimisha kuweka jicho la mtu katikati ya fremu kwanza, kisha kuisogeza kamera, na kwa f/1.4 msogeo huo mdogo unatosha kuiharibu fokasi uliyoitafuta kwa shida.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni unene. Baadhi ya skrini zilizogawanyika hukatwa kutoka kwenye skrini za kamera nyingine, kama K3 ya Nikon FM3A, na unene wake si lazima ulingane na ule wa asili. Safari ya mwanga kutoka kwenye lenzi hadi kwenye skrini inapaswa kuwa sawasawa na safari yake hadi kwenye sensa. Skrini ikikaa mbali na kioo kwa sehemu ndogo tu ya milimita, picha itakuwa kali nyuma ya ulipolenga, na ikikaa karibu mno, itakuwa kali mbele yake. Marekebisho hufanywa kwa shimu, yaani vipande vyembamba sana vya kurekebisha kimo cha skrini. Sisi hulaza rula kwa mshazari mbele ya kamera iliyo juu ya tripodi, tukalenga alama moja kupitia dirishani lenzi ikiwa wazi kabisa, kisha tukakagua alama ileile kwenye kioo cha kuonyeshea picha kilicho nyuma ya kamera kwa ukuzaji wa mara 10. Hurudiwa mpaka viwili hivyo vikubaliane, na huenda ikachukua mchana mzima. Skrini ya bei ndogo iliyopimwa hivyo huifaa kazi kuliko ya bei kubwa iliyotumbukizwa tu.

Baada ya kubadilisha, ni lazima uiambie kamera ya Canon aina ya skrini uliyoweka, kupitia menyu ya kazi maalumu, la sivyo mwanga wa picha zako utapotoka. Kwa 5D Mark III, 7D na 70D, mtengenezaji hakukusudia skrini ibadilishwe, na kamera zisizo na kioo hazina skrini hiyo kabisa.

Tunakusihi usiifute kwa kitambaa wala kwa dawa ya lenzi, hata ikijaa vumbi la barabara. Plastiki yake ni laini na alama ya kidole kimoja haiondoki. Vumbi unaloliona dirishani pekee halionekani kwenye picha, kwa hiyo pampu ya hewa ya mkono inatosha. Ukija, leta kamera, betri iliyojaa chaji na lenzi unayoitegemea, kwa maana vipimo tunavifanya kwa lenzi hiyohiyo.