Chanzo cha kirusi hutafutwa siku ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wenzangu wanaobishana kuhusu mahali UVIKO-19 ulikoanzia. Wapo wanaosema kirusi kilitoroka maabara ya Wuhan, wapo wanaosema kilitoka kwa wanyama wa sokoni, na wapo wanaoamini kilitengenezwa makusudi ili sisi tupungue. Nilikuwa afisa mifugo hapa Dar es Salaam kabla ya kustaafu. Kinachoniuma ni kwamba ushahidi mwingi ambao ungemaliza ubishi huu ulipotea katika siku chache za mwanzo, na hapa kwetu tungeupoteza vilevile.

Soko hilo linalotajwa, la Huanan kule Wuhan, lilifungwa tarehe 1 Januari 2020, likapuliziwa dawa. Wataalamu wa China walipita wakipangusa sakafu, mifereji, mikokoteni na vizimba, wakapata sampuli 923 za mazingira. Za wanyama walichukua 457, na hakuna hata moja iliyokutwa na kirusi. Ukisoma haraka utasema basi, wanyama hawahusiki. Lakini mbwa-rakuni, mnyama pori aliyekuwa akiuzwa hai pale na ambaye tunajua anaweza kuambukizwa, hakuwemo kabisa katika hesabu hiyo. Walipoanza kupima, alikuwa hayupo tena. Kilichobaki ni vinasaba vyake, vilivyokuja kuonekana mwaka 2023 kwenye baadhi ya sampuli zilezile zenye kirusi. Hapo tunajua mnyama alikuwepo na kirusi kilikuwepo. Kama mnyama mwenyewe aliugua, sampuli ya sakafu haiwezi kutuambia.

Linganisha na SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi ndugu cha hiki. Mei 2003 watafiti walikwenda soko la Shenzhen, wakawakuta fungo wangali hai vizimbani, wakawapima, wakakipata kirusi. Safari ya kuwafikia popo, ambako kirusi hicho kilianzia, ilichukua miaka zaidi, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa sababu mnyama alikuwepo wa kupimwa.

Kuna jambo moja la Wuhan ambalo natamani kila kiongozi wa soko hapa nchini alijue. Kati ya Mei 2017 na Novemba 2019, mtafiti mmoja alikuwa akizunguka maduka ya wanyama ya mji huo kila mwezi, akiandika aina, idadi na bei. Alikuwa akifuatilia ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na kupe. Daftari lake ndilo lililokuja kuonyesha kwamba katika miezi ile waliuzwa wanyama 47,381 wa aina 38, mbwa-rakuni wakiwemo. Bila mtu yule tungekuwa tunabishana hata juu ya nini kiliuzwa.

Na maabara je? Nayo ifungue vitabu vyake, na kuuliza si matusi. Mwaka 1978 ndui iliua mtu Birmingham, Uingereza, katika jengo lenye maabara iliyokuwa ikikihifadhi kirusi hicho. Mwaka 2004 kirusi cha SARS chenyewe kilitoroka kutoka maabara ya Beijing. Kamati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotoa ripoti yake tarehe 27 Juni 2025 ilisema ushahidi uliopo unaelemea upande wa wanyama, ila China haikutoa mamia ya taarifa za vinasaba vya virusi vya wagonjwa wa mwanzo, wala maelezo ya kutosha kuhusu wanyama wa masokoni na usalama wa maabara za Wuhan, kwa hiyo dhana ya maabara haiwezi kufutwa. Nakubaliana nao neno kwa neno. Hayo ya kutengenezwa ili kutumaliza sisi sijaona ushahidi wake popote, na yanatupotezea muda.

Sasa twende Shekilango, alfajiri, matenga ya kuku yanaposhushwa. Kuku wa kienyeji wamesafiri usiku kucha kutoka Singida, Dodoma na kwingineko, wamechanganywa wa vijiji vingi katika tenga moja. Muuzaji ana daftari, tena zuri, limeandikwa nani anadaiwa na nani kalipa nusu. Kuku ametoka kijiji gani, kwa mchuuzi yupi, siku gani, hakuna. Kuku akizubaa, shingo imelegea na kinyesi ni cha kijani, anachinjwa upesi auzwe kabla hajafa. Simlaumu muuzaji. Mtaji wake wote umo ndani ya lile tenga, na anajua akimwita afisa, atafungiwa biashara na hatapewa hata senti.

Niliwahi kuitwa kwenye mabanda fulani nje kidogo ya jiji, kuku wamekufa kwa mamia ndani ya siku mbili. Tulifika tukakuta moshi. Mkubwa mmoja aliyewahi kabla yetu alikuwa ameamuru wachomwe wote na mabanda yapuliziwe, akatuambia kwa furaha kwamba tatizo limekwisha. Hakuna aliyekata hata koo moja kuchukua sampuli. Pengine ulikuwa mdondo wa kawaida. Hatutajua kamwe.

Sisemi kwamba nchi hii haiwezi. Julai 2022 watu wa Ruangwa, Lindi, waliugua ugonjwa usiojulikana, wengine wakitokwa damu puani. Sampuli zikachukuliwa, na ndani ya siku chache tukaambiwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa kutoka kwa wanyama. Virusi vya Marburg vilipozuka Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo mwaka 2025, vilitambuliwa na kudhibitiwa. Lakini ni sisi walewale ambao mwaka 2020 tuliacha kutoa takwimu za UVIKO-19 kwa zaidi ya mwaka mzima, maabara yetu ya taifa ikaingizwa kwenye mabishano ya papai na mbuzi waliodaiwa kukutwa na kirusi. Woga wa kusema ninauelewa. Afrika Kusini iliitangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, Novemba 2021 kwa uwazi wote, malipo yake yakawa kufungiwa ndege. Tukikumbuka hilo tupiganie sheria za kimataifa zisizomwadhibu msema kweli. Kunyamaza kutatuumiza sisi wenyewe kwanza.

Ninaziomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Wizara ya Afya ziandike agizo moja fupi kwa halmashauri zote: hakuna kuchoma wala kupulizia dawa kabla sampuli hazijachukuliwa, na nakala ya kila sampuli ihifadhiwe kwenye friji la baridi kali, si kutupwa majibu yakishatoka. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 na kutunzwa ndiyo iliyosaidia wanasayansi kujua, miongo kadhaa baadaye, kwamba Virusi vya UKIMWI vilikuwa vikizunguka kwa watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mfanyabiashara atakayetoa taarifa alipwe fidia ya mifugo yake ndani ya mwezi. Na kamati za masoko ya Shekilango, Kisutu na mnada wa Pugu zianze na jambo lisilo na gharama, safu mbili zaidi kwenye daftari: mnyama katokea wapi, na kafika lini.

Afisa Mifugo mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam